Misuli Isiyotajwa Mbele ya Watu

Siku niliyoripoti kazini Voi, idara ya mazoezi ya viungo ilikuwa chumba kimoja ambacho zamani kilikuwa stoo ya magodoro. Ndani mlikuwa na kitanda cha mbao, baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma, mifuko minne ya mchanga, na mzee mmoja wa Kikamba aliyeitwa Kilonzo, ambaye ndiye alikuwa idara yenyewe. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa akaniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. "Vizuri. Hii kazi ni ya kuinua watu wazima."

Hayo ndiyo maelekezo niliyopewa. Ninyi mlioajiriwa juzi mlifanyiwa semina ya siku tatu na chakula cha mchana juu. Siwaonei wivu, nasema tu.

Mzee Kilonzo alinifundisha kutumia mikono kabla ya mashine, kwa sababu mashine tuliyokuwa nayo ilikuwa moja na fundi wake alikuwa Nairobi. Lakini alichonifundisha zaidi ni kusema. "Kabla hujamgusa mtu," aliniambia, "mweleze unagusa wapi na kwa nini. Akikuelewa, nusu ya misuli yake itakuwa imeshalegea yenyewe." Nilidhani ni maneno ya mzee. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba alikuwa akinifundisha kazi yote.

Wagonjwa wetu mnawajua. Waliopooza upande mmoja, vijana wa bodaboda waliovunjika miguu, migongo ya watu wa mashamba ya mkonge, watoto waliochelewa kukaa. Mimi ni mzaliwa wa Taveta, na Kidawida changu kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo wazee wa milima ya Taita nilikuwa nawaonyesha kwa vitendo. Goti ukilionyesha kwa vitendo linaeleweka. Kuna sehemu nyingine za mwili ambazo huwezi kuonyesha kwa vitendo bila kufukuzwa kazi.

Chuoni, misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia mkojo na haja kubwa, tulifundishwa alasiri moja tu, na mwalimu aliisomesha akiwa ameelekea ubaoni. Tuliambiwa ni mambo ya akina mama waliojifungua. Nikaandika, nikafaulu mtihani, nikasahau.

Kwa hiyo mzee mmoja wa upande wa Mwatate alipokuja kwangu na maumivu ya mgongo, miezi michache baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo, nilimtibu mgongo. Alikaa ukingoni mwa kiti. Mara tatu aliniuliza choo kiko wapi, na mara tatu nilimwelekeza vizuri kabisa. Alikuja mara mbili, hakurudi tena. Huyo mzee nimemkumbuka kuliko wote niliowaponya.

Mzee Kilonzo alikuwa ameshastaafu na kwenda zake wakati Bwana Mwadime alipoingia, akitanguliwa na mkewe, Wakesho. Mwadime alikuwa mtu wa Wusi, huko milimani, aliyekuwa akiishi mtaa wa Kaloleni, mkalimani wa korti hapa Voi. Akina mama na wazee wasiojua Kiswahili wakisimama kizimbani, yeye ndiye alikuwa mdomo wao. Mtu mrefu, koti limepigwa pasi, sauti ya kusikika hadi nje. Siku ile sauti haikutoka. Alitazama kalenda ukutani.

Wakesho ndiye aliyeeleza. Mumewe alikutwa na saratani kwenye puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Madaktari wa Mombasa waliikata, wakaunganisha utumbo upya, wakamwekea mfuko wa choo tumboni kwa miezi kadhaa ili mshono upone. Kisha mfuko ukaondolewa, njia ikafunguliwa, na kila mtu akampongeza.

"Tangu wamempongeza," Wakesho akasema, "huyu mtu hatoki nje, Daktari."

Mimi si daktari. Nilichoka kuwasahihisha mwaka wangu wa pili.

"Anaenda choo mara ngapi?"

"Jana ni kumi na tano. Akitoka anarudi. Halafu inakuja bila kupiga hodi."

Hapo Mwadime akasema, bado akiitazama kalenda. "Nikisimama katikati ya ushahidi, kesi yote inasimama. Mara ya kwanza hakimu aliniruhusu. Mara ya pili aliniruhusu. Mara ya tatu sikufika mlangoni. Nilivua koti nikajifunga kiunoni, nikatoka hivyo, na watu wamekaa wananitazama." Akatoa bahasha mfukoni mwa shati. "Hii ni barua ya kuacha kazi. Nimepewa likizo ya ugonjwa ya miezi mitatu. Ikiisha, ama ninaipeleka ama siipeleki. Mombasa waliniambia niulize watu wa mazoezi."

Nilimwambia ukweli kwamba sijawahi kumtibu mtu mwenye shida kama yake. Kisha, kwa sababu sikutaka awe kama yule mzee wa Mwatate, nikajifanya najua zaidi ya nilivyojua. Nikaikumbuka ile alasiri yangu ya chuoni. "Kaza njia ya haja kubwa," nikamwambia, "kama mtu anayezuia hewa isitoke mbele ya wakwe." Alicheka kidogo, na mimi nikajiona nimeshinda. Nikampa mazoezi ya kukaza asubuhi, mchana na jioni, kwa nguvu zote.

Mtu wa korti akipewa amri anaitekeleza. Mwadime alikaza mara mbili ya nilivyosema. Alikaza akinyoa, akila, akisikiliza mahubiri. Baada ya wiki tatu alirudi akiwa na hali mbaya zaidi. Sasa alikuwa anakaa chooni saa nzima, kinatoka kidogo, anainuka, kabla hajafunga mkanda anaitwa tena. Na alikuwa na maumivu.

"Ulisema yatamsaidia," Wakesho akaniambia. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nilipiga simu kliniki aliyofanyiwa upasuaji, wakanielekeza kwa Bi. Zuhura, muuguzi aliyekuwa akiwahudumia watu wenye mifuko ya choo tangu enzi ambazo wengine walijitengenezea mifuko hiyo kwa nailoni. Siku yangu ya mapumziko nikapanda treni nikashuka Mombasa. Nilimkuta mama mfupi wa makamo, buibui juu ya sare, miwani imening'inia kwa uzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Umemfundisha kufunga mlango, mwanangu. Na kuufungua, umemfundisha?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi vua viatu, ulale kitandani."

"Mimi?"

"Ni nani mwingine aliyemo humu? Huwezi kumfundisha mtu msuli usioujua mwilini mwako."

Nikalala. Akaniambia nikaze nilivyomfundisha mgonjwa wangu. Nikakaza. Akaangua kicheko, akaomba radhi, akacheka tena. Nilikuwa nimebana makalio, nimebana mapaja, nimezuia pumzi, nimekunja hata uso. Msuli wenyewe ulikuwa umelala. Nilikuwa na nywele nyeupe na cheti ukutani, na zoezi nililokuwa nikimpa mtu sikuweza kulifanya.

Bi. Zuhura alinifunza siku nzima. Kwamba mtu aliyekatwa puru amepoteza ghala. Utumbo uliobaki ni mwembamba, haujui kuhifadhi, na mishipa yake ya fahamu imevurugika, mtu hawezi kutofautisha hewa na choo. Kwamba msuli ukikazwa siku nzima unachoka kama mkono uliobeba ndoo, na siku ukihitajika haupo, wala haukubali kulegea ili choo kitoke chote mara moja. Alinionyesha puto dogo lililofungwa kwenye mpira mwembamba, linaloingizwa ndani na kujazwa maji kidogo kidogo kwa bomba la sindano, ili mtu ajifunze upya kuhisi na kustahimili. Akanishika mkono nilipotaka kulichukua.

"Mshono ule ndio uhai wake. Usiusogelee bila ruhusa ya aliyeushona, kwa maandishi."

Jumatatu yake Mwadime alipokaa, nilimwambia kabla ya salamu kuisha, "Bwana Mwadime, nilikosea. Nilikufundisha nusu, na hiyo nusu nayo niliifundisha vibaya."

"Miaka yote hii kortini," akasema, "sijamsikia mtu akilisema neno hilo haraka hivyo." Akavua koti, akalitundika. "Haya, nifundishe nusu nyingine."

Tulianza na kulegeza. Alilala ubavu, mkono juu ya tumbo, akavuta pumzi mpaka tumbo likainuka, na nikamwambia asikilize jinsi sehemu ya chini inavyoshuka yenyewe. Wiki nzima hatukukaza chochote. Kisha tukaanza kukaza kidogo, theluthi ya nguvu zake, hesabu tano huku akipumua, kisha kuachia kwa hesabu kumi. Nilimwambia zoezi lenyewe ni hizo kumi. Chooni nikamtaka aweke miguu juu ya kigoda, viwiko magotini, tumbo aliachie lijae mbele, na asisukume. Dakika kumi zikiisha ainuke hata kama hajaridhika. Hilo la kuinuka lilikuwa gumu kuliko yote. Mwanamume wa Kidawida haachi kazi katikati.

Nilimpa daftari aandike saa, alichokula, na kilichotokea. Aliandika kwa mwandiko wa korti, mistari imenyooka: "Saa tatu na dakika ishirini. Haraka kubwa. Nilifika." Kutokana na daftari hilo tuligundua kwamba chai ya maziwa kwenye tumbo tupu ilikuwa ikimkimbiza, na maharagwe ya jioni yalikuwa yakimwamsha. Hatukumpigia marufuku chochote. Tulihamisha tu, chai baada ya uji, maharagwe mchana wa siku asiyotoka. Daktari wake alimwandikia vidonge vya kupunguza mwendo wa tumbo na kumpangia saa za kumeza. Wakesho alishughulikia ngozi iliyochubuka, maji ya vuguvugu badala ya kusugua, kitambaa laini, krimu. Msidharau hilo. Mtu anayeungua kila akienda choo hawezi kulegeza kitu.

Halafu tukafanya zoezi la kutokimbia. Haraka ikimjia, asimame, ashike ukuta, apumue, akaze mara tano za upesi, angoje wimbi lipite, ndipo atembee. Kutoka kiti changu hadi choo ni hatua kumi na mbili. Tulianzia hapo. Tukasogea hadi mwisho wa korido, hadi langoni, mwishowe hadi soko la Kaloleni na kurudi, mimi nikiwa nyuma yake na mfuko wenye suruali ya akiba. Akinionyesha kwa kidole, alisema mke wa pili ni gharama lakini angalau huyu analipwa na serikali.

Ruhusa ya daktari ilipokuja kwa barua, tulianza puto. Wakesho alikaa upande wa pili wa pazia akimsimulia habari za ng'ombe wao wa Wusi ili asifikirie kinachoendelea. Mwadime, akiwa amelala ubavu na uso ukutani, akaniuliza, "Hili nalo ulisomea?"

"Hapana. Hili nilijifunza mwezi uliopita."

"Afadhali umesema."

Mwanzoni maji kidogo tu yalimfanya aombe kuinuka. Wiki kwa wiki akastahimili zaidi. Kisha asubuhi moja, foleni imejaa hadi nje, nikasikia ile sauti ya korti ikinguruma kwenye korido. "Daktari! Imekuwa hewa!" Mlango ukafunguka. Alikuwa amesimama pale, koti limepigwa pasi, uso uking'aa kama wa bwana harusi. "Nimehisi ni hewa, nikasema ni hewa, na imekuwa hewa!" Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na mguu wa plasta akapiga makofi. Sijui alielewa nini. Mimi nililia kidogo, nikasingizia vumbi, na Voi vumbi halikosekani.

Msifikiri mambo yalinyooka kuanzia hapo. Wiki mbili baadaye alikwenda Wusi mazishini, akala walichokula wenzake, na njiani kurudi hakufika chooni. Keshoye Wakesho alinirudishia kigoda na daftari. Nilifunga idara saa ya chakula nikaenda kwao Kaloleni.

"Mwambie sipo," sauti ikasema kutoka chumbani.

"Anasema hayupo," Wakesho akanitafsiria.

Nikavuta kiti mpaka mlangoni. Nikasema sikuja kumwona, nimekuja kusomewa daftari, kwa sababu mwandiko wake unanishinda. Ulikuwa uongo, mwandiko ule hata ng'ombe angeusoma. Nikalisukuma chini ya mlango. Kisha akaanza kusoma, kwa ile sauti ya kusoma ushahidi, siku baada ya siku. Nilifika. Nilifika. Nilingoja, nikafika. Akasoma mpaka siku ya mazishi, akasimama.

"Siku tisa," akasema. "Kabla ya jana zilikuwa siku tisa mfululizo. Sikuwa nimezihesabu."

Mlango ukafunguka. Wakesho akaenda kuweka uji jikoni.

Likizo ilipoisha, alikwenda mwenyewe kwa hakimu akamweleza kila kitu, na hakimu akaagiza meza ya mkalimani isogezwe karibu na mlango wa pembeni. Siku ya kwanza niliomba ruhusa nikaenda kukaa nyuma kabisa. Ilikuwa kesi ya mpaka wa shamba, na mzee aliyekuwa akitoa ushahidi alikuwa na nia ya kutaja kila mti. Katikati ya sentensi Mwadime akanyamaza. Mkono wake ukatua mezani, bapa. Nikaona mabega yakishuka, tumbo likiinuka chini ya koti. Nilishika ubao wa benchi. Hakimu akainua macho, karani akaacha kuandika. Wote walidhani anatafuta neno. Kisha akaiendeleza sentensi pale pale alipoachia, na mzee akahamia mti uliofuata. Mapumziko yalipoitwa Mwadime alitoka kwa mlango wa pembeni akitembea. Akitembea, nasema. Ile barua Wakesho aliwashia jiko.

Sitawadanganya kwamba alirudi kama alivyokuwa. Bado anaenda mara nne, tano kwa siku, na anakijua kila choo kati ya Voi na Wundanyi pamoja na aliye na ufunguo wake. Lakini sasa yeye ndiye anayeamua.

Baada yake walikuja wengine, maana Mombasa walianza kututumia watu kabla mfuko haujaondolewa, wajifunze mapema. Nilijifunza kutowauliza kwanza wanaenda choo mara ngapi. Nawauliza wiki hii wameenda wapi. Anayejibu "sijaenda popote" ndiye mgonjwa wangu, hata kama karatasi zake zinasema amepona.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu akaletwa Mama Mkawasi wa Mghange, mkulima, zaidi ya miaka sabini, mfuko ulikuwa umeondolewa wiki chache zilizopita. Jirani aliyemleta alimwacha mlangoni akaenda sokoni. Mama huyo hakujua Kiswahili, nami na Kidawida changu cha salamu nilibaki nikionyesha hewani kwa vidole, tukiaibika wote wawili. Nikampigia Mwadime. Alikuja saa ya chakula, na nilipomwona mlangoni ndipo nilipokumbuka kwamba ni mwanamume. Mama Mkawasi alimwuliza jambo, Mwadime akajibu. "Ameuliza mimi ni mtoto wa nani," akaniambia. "Amesema basi ni mtoto, nikae."

Nikaanza kueleza kidogo kidogo, naye akatafsiri. Mkalimani wa korti huapa kutoongeza neno wala kupunguza, na kweli, nikisema sentensi fupi yake ilikuwa fupi, nikisema ndefu ni ndefu. Nikafika kwenye kulegeza. Mama Mkawasi akasema kitu kwa sauti ya chini, akitazama mikono yake.

"Anasema afadhali wangemwachia mfuko. Anasema hajaenda kwenye kikundi cha akina mama tangu Mombasa."

"Mwambie inachukua miezi," nikasema, "lakini wengi hupata nafuu."

Mwadime akamgeukia. Akasema sentensi moja, ile yangu. Kisha hakunyamaza. Aliendelea kuongea, taratibu, akivua koti na kulikunja magotini, na nikamsikia akitaja korti, akitaja Wusi, akijigusa kiunoni kuonyesha mahali alipolifunga koti siku ile. Mama Mkawasi akainua macho. Akamwuliza swali. Mwadime akamjibu bila kunitazama. Akauliza jingine, na safari hii, kabla hajajibiwa, akaziba mdomo kwa kanga akicheka.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Subiri kidogo, Daktari," akasema, na kumwonyesha mama pa kuweka mkono juu ya tumbo.

Akaweka. Akavuta pumzi. Tumbo likainuka, likashuka, na mabega yake nayo yakashuka. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, mgonjwa alikuwa anatibiwa mbele yangu na mimi sina la kufanya. Nikaenda kuwachemshia uji.